Faya Moja kwa Magari Manne

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Subhanallah. Leo nimeuona moto ukitii.

Nilikuwa natoka Kasense kumjulia hali shangazi, niko juu ya bodaboda, upepo wa Agosti unanijaza vumbi mpaka kwenye meno. Mbele yetu Probox. Ghafla moshi kwenye boneti — mweusi! Dereva akasimama, akashuka na mkewe na mtoto. Mpaka sisi tunafika, miali imeshatokea pembeni, mirefu. Sikuwahi kujua kwamba moto wa gari una sauti. Unanguruma.

Watu wakatoka mashambani na majembe, wanatupa udongo. Mama mmoja na ndoo ya maji ya kufulia. Dereva anazunguka gari lake kashika kichwa. Mimi nimesimama tu, namwita Mungu.

Likasimama semi la mahindi. Akashuka mwanaume mrefu, Msukuma kwa lafudhi, mkononi mtungi mwekundu wa zimamoto. Mdogo! Chupa ya chai ya nyumbani ni kubwa zaidi. Nikasema moyoni, huyu naye anataka kutuchekesha. Wala hakukimbia. Akakaa upande unakotokea upepo, akavuta pini, akainua boneti kidogo, akapiga. Fyuuuu! Wingu jeupe. Gari hatulioni, yeye hatumwoni. Wingu likaondoka na upepo — na moto haupo. Haupo!

Yule mama wa ndoo akapiga vigelegele, na mimi nikajikuta nalia kama mjinga.

Nikamfuata nikamuuliza jina. Shija. Nikamuuliza tena, umefanyaje? Akasema wengi wanapiga juu kwenye miali. Piga chini, dada, unakotokea, na usiache mpaka iishe. Na ukishafyatua hata kidogo tu, kajaze upya, maana nguvu yote itavuja. Akapanda semi lake akaenda zake. Hata asante hakuisubiri.

Na mimi nauza mitungi hiyo! Iko dukani, rafu moja na plagi na oili. Wateja wanakuja, nipe ile ndogo ya kumwonyesha trafiki. Nawapa. Leo ndiyo nimejua nauza nini.

Mume wangu aliporudi na Noah yake kutoka Matai nimemsimulia mpaka sauti imekauka. Mwisho nikamuuliza, Baba Saad, mtungi wako uko wapi? Akacheka.

"Leo faya iko kwa Obedi."

Iko kwa Obedi?


Jumanne, 12 Agosti

Nimembana asubuhi kabla hajamaliza uji. Akasema yote.

Wako madereva wanne wa Noah, njia ya Matai: Shamsi wangu huyu, Obedi, Yoramu na Andwele. Wana faya moja. Moja! Walichanga zamani wakanunua kwangu mwenyewe — nilidhani ni ya Shamsi. Trafiki akiwa barabarani, aliyeshakaguliwa anamwashia taa anayekuja, wanapunguza mwendo, faya inapita dirishani. Anayekuja anaenda kukaguliwa nayo. Akivuka, anampa mwenzao anayekuja.

Na siku ya kupeleka gari polisi likaguliwe, upate stika ya usalama? Inalala kwa mwenye stika.

Nilitaka kukasirika lakini kwanza nilishangaa. Hawa watu hawajawahi kugombana! Hakuna aliyewahi kuichelewesha. Mimi na wifi yangu tumeshindwa kushirikiana sufuria moja ya pilau.

Nikamuuliza, na gari likiwaka? Akasema, Mama Saad, Noah yangu haijawahi kuwaka. Kana kwamba kuna gari lililowahi kuwaka kabla ya siku yake!

Injini ya Noah yake iko chini ya kiti cha dereva. Anaendesha ameikalia. Nimewaza hilo siku nzima, nimekosea chenji mara mbili.


Alhamisi, 14 Agosti

Nimepeleka spea Matai, nikapanda na Shamsi kiti cha mbele. Nilitaka kuona kwa macho.

Nimeona. Tumeshapita vijiji kadhaa, nchi yote ya njano, majani makavu mpaka upeo, na huku na huku mistari ya moshi wa watu wanaochoma mashamba. Anga iko karibu sana huku juu, unaweza kuogopa. Mara Obedi huyo anakuja, taa mbili. Shamsi akashusha kioo, naye akashusha. Magari hayakusimama kabisa! Mkono ukatoka, mkono ukapokea, faya ikatua mapajani kwangu. Abiria nyuma wala hawakushtuka. Bibi mmoja akaendelea kumenya chungwa. Nakiri kwamba nilipiga makofi.

Kisha nikaugeuza ule mtungi. Mshale kwenye geji uko kwenye nyekundu. Mwisho kabisa wa nyekundu. Mtupu.

Tulipofika Matai nikamsubiri Obedi azunguke. Shemeji, hii imetumika? Akakuna kichwa. Akasema Krismasi alifyatua kidogo tu kuwafurahisha watoto, ikatoa unga mweupe, wakacheka sana, akarudisha pini na kuifunga kwa waya. Kidogo tu, shemeji!

Tangu Krismasi! Magari manne yanakabidhiana kopo, kwa heshima na uaminifu wote ule. Sijui nicheke au nilie. Obedi akasema kwa upole kwamba rangi yake bado nzuri.


Ijumaa, 15 Agosti

Nimetoa mpya rafuni. Nimeiweka mezani Shamsi aione akitoka swala.

Mama mkwe, Bi Kulsumu, ameiona kwanza. Kaipenda! Eti inapendezesha sebule, ikae pale karibu na televisheni, yeye ataifumia kitambaa. Nikamwambia mama, hii ni ya gari. Akasema garini itaibiwa, vitu vizuri vinakaa ndani. Shikamoo yangu imeitikiwa nusu leo.

Shamsi kaishika, kaigeuza, kausoma mshale. Nikamwambia yote ya Shija tena — chini, unakotokea, usiache mpaka iishe. Akasema nimeshasikia, mwalimu. Lakini kaenda mwenyewe kuifunga kwa mkanda pembeni ya kiti chake. Nimemwangalia kwa dirisha. Nampenda huyu mwanaume, basi tu ana kichwa kigumu.


Jumapili, 17 Agosti

Wamekuja nyumbani wote watatu, baada ya kanisa, na suruali zao za pasi. Obedi kaja na mkewe Justina, tumbo limeshakuwa kubwa, kaniletea samaki, migebuka mibichi. Nimempenda Justina tangu alipohamia mjini. Anacheka mpaka anashika ukuta.

Kumbe wamekuja kushukuru. Wamesikia faya mpya imepatikana! Yoramu akaanza kupanga, Jumatatu ianze na nani.

Shamsi akasema taratibu: hapana. Hii itakaa kwenye gari langu.

Wakadhani anatania. Akarudia. Akasema moto hautaniwashia taa ili nijue leo ni zamu ya nani. Mimi mlangoni na birika mkononi. Maneno yangu yale! Alinibishia nyumbani, kumbe aliyabeba.

Obedi akaweka kikombe chini. "Tumekula pamoja, tumezikana pamoja, leo Shamsi una cha kwako."

Hakuna aliyemaliza chai. Justina aliniangalia wakati wa kutoka kama anayetaka nimwambie kitu. Migebuka nimeikaanga. Haikuwa na ladha.


Jumatano, 20 Agosti

Wamemtenga. Hakuna anayemwashia taa. Stendi hawamwiti kunywa chai. Jana tairi lilimpasukia njiani, Andwele kapita kama hamjui. Andwele! Aliyelala kwetu mwezi mzima alipofika kutoka Mbeya.

Asubuhi Shamsi akasema anataka kuirudisha faya kwenye kundi. "Mama Saad, barabarani sifanyi kazi na mtungi. Nafanya kazi na watu."

Kasema kweli. Moto unaweza usije kamwe. Watu anakutana nao kila siku. Najiuliza nani nimemkomboa na nani nimemponza.

Nikamwomba kitu kimoja — asubiri kidogo. Nitawapa kila mmoja ya kwake kutoka dukani. Bure. Wasinidai, nisiwadai.


Alhamisi, 21 Agosti

Jibu limekuja kupitia Yoramu, na lilikuwa la Obedi. Shukrani, shemeji, lakini hatujaomba sadaka.

Nimekasirika mpaka nimevunja glasi. Wanaume! Faya iliyokufa waliichangia wakaifurahia, iliyo hai wanaona ni matusi.

Bi Kulsumu kaniambia nilipaswa kwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, nikakae na Justina jikoni tuongee kike, siyo kutuma maneno stendi. Kasema kweli. Mama huyu ananiudhi, na mara nyingi kasema kweli. Nitaenda Jumapili.


Jumamosi, 23 Agosti

Simu iko kaunta, nimeifungua spika. Haijakatwa. Nimefunga mlango wa duka. Naandika kwa sababu mikono lazima ifanye kitu, nisipoandika nitapiga kelele.

Shamsi kapiga. Nilidhani anataka namba ya plagi. "Mama Saad! Gari la Obedi linawaka! Pini naivutaje, imegoma!"

Ile plastiki. Sikuitoa ile plastiki ya kiwandani inayofunga pini! Nikamwambia zungusha, kata kile kifungo kwa nguvu, vuta. Piga chini. Chini ya viti, kwenye injini. Akasema Justina yuko ndani. Alikuwa anakwenda Matai, sokoni. Abiria wengine wameshatoka, yeye alikuwa nyuma kabisa na tumbo lake, na mlango wa kuteleza umekataa.

Kaiweka simu mfukoni bila kukata. Nasikia kitambaa cha shati lake. Nasikia anakimbia.

Anaukimbilia! Huyu anayeogopa sindano, anayeniita nimwulie panya! Ya Rabi, umemtengenezaje mtu. Anapumua kama anapanda mlima na haachi.

Nasikia ngurumo. Ile ile. Sasa naijua.

Fyuuuu.

Fyuuuu, inaendelea. Haachi. Vizuri, baba, usiache. Sauti ya Obedi, "Huku, kaka! Shamsi kaka, huku chini!" Kamwita kaka. Watu wengi wanapiga kelele, Kiswahili na Kifipa. Mtu anakohoa. Mwanamke. Anakohoa, kwa hiyo yuko hai. Justina, kohoa. Endelea kukohoa.

Imenyamaza. Ngurumo imekwisha! Imekwisha kabisa, naapa, nasikia upepo tu na Shamsi anacheka, au analia. Kopo dogo vile! Mara ya pili sasa, ndani ya wiki mbili, na bado siamini. Wanavuta mlango. Moja, mbili — Obedi anahesabu. Bado. Wanasema chuma kinaunguza, leteni khanga. Leteni jiwe, vunja kioo.

Nimesikia Yoramu. Kafika. Na Andwele pia, anauliza kuna nini. Wamefika wote. Alhamdulillah, mikono ipo ya kutosha.

Mtu kasema petroli. Kasema inatiririka.

Ngurumo imerudi.

Shamsi anapiga, nasikia anabonyeza, inatoa pumzi tu. Imekwisha. Alifanya nilivyomwambia, hakuacha mpaka ikaisha. Justina anamwita Obedi kwa jina.

"Faya nyingine!" Shamsi anapiga kelele, sijawahi kuisikia sauti hii, miaka yote. "Yoramu! Andwele! Nani ana nyingine? Leteni faya!"

Hakuna anayejibu.

Anauliza tena.