Karatasi ya Nekesa Haikulowa

Kwa Mwalimu Nekesa, mtoto wa dada yangu,

Pokea salamu za kujaza trela ya mahindi kutoka Moi's Bridge, na zingine zimebaki chini kwa sababu trela ilikataa uzito. U mzima? Goti la mama yako limetulia? Mimi khocha wako, mjomba wako huyu mmoja, niko sawa, ila macho yameanza kuona nyaya mbili pale penye moja. Lakini hata hizo mbili nazichomelea.

Unashangaa barua ya karatasi, na mimi ndiye daktari wa redio na simu wa Eldoret nzima. Ni kwa sababu simu yangu hushiki. Tangu siku ile ulipotoka kwa grupu ya walimu, nikikupigia inaita mpaka inachoka yenyewe. Kwa hivyo nimempa hii mama mmoja anayepeleka mitumba Chwele, na nimemwambia asiondoke hapo kwako kabla hajaona umefungua.

Mama yako ameniambia unataka kuacha ualimu. Ati umeulizia chumba cha duka la vitambaa. Ati mtaala huu mpya unataka watoto wafanye sayansi kwa mikono yao, na shule yenu haina kitu, na huna mtu wa kuuliza. Basi keti kwanza, nikuambie jambo kabla hujachukua hilo duka.

Unajua mimi niliachia darasa la sita. Lakini huku walimu wa sayansi hawaingii darasani bila mimi. Ilianza hivi: Mwalimu Jelagat, yule mliyefundisha naye shule moja kabla ya vurugu ya uchaguzi, alikuja kibandani kwangu akitafuta sumaku. Nikavunja spika mbovu, nikampa. Kesho wakaja wengine, huyu anataka balbu, yule nyaya. Jelagat akaona heri aniingize kwa grupu yao ya simu ili wawe wananitumia oda. Sasa mimi ndiye Mkuu wa Vifaa vya Sayansi, Bonde la Ufa Kaskazini. Cheo nilijipa mwenyewe, lakini mpaka leo hakuna aliyekikataa.

Hiyo grupu, mpwa wangu, si ya picha za harusi. Mwalimu akikwama anaandika, na kabla chai haijapoa kuna mtu amemjibu na picha. Mmoja wa Chepsaita alitengeneza mizani kwa henga ya nguo na vifuniko vya mikebe. Mwingine, tena mwalimu mkuu, aliandika kwamba miaka yote amefundisha kupatwa kwa mwezi na yeye mwenyewe hajawahi kuelewa. Hakuna aliyemcheka. Walimfundisha kwa chungwa na tochi. Tochi ilitoka kwangu.

Jumapili moja mwalimu wa Moiben akauliza atawaonyeshaje watoto kwamba hewa inachukua nafasi, na hana maabara. Majibu yakaja kama mvua: wafanyie karatasi ya Nekesa. Nikafuta miwani. Karatasi ya nani? Wakamweleza: kila mtoto anaandika jina lake kwa kikaratasi, anakisukuma ndani kabisa ya gilasi, anapindua gilasi na kuizamisha yote kwa beseni la maji. Akiitoa, jina lake ni kavu.

Nekesa, hiyo si ni yako? Ulinifanyia jikoni kwa mama yako hata hujaenda chuo, na mimi nikasema gilasi imerogwa. Leo inafundishwa mpaka Moiben na watu ambao hawajawahi kukuona. Huyo wa Moiben alidhani Nekesa ni mama mzee wa vitabu, tena marehemu.

Nikaandika: huyo ni mpwa wangu, na yuko hai, na ni mrembo. Wakacheka mpaka grupu ikajaa. Yule wa Chepsaita akaandika, "Fundi, juzi ulituambia umetengeneza redio ikashika Kuba na jirani yako akajifunza kucheza. Leo Nekesa ni wako?" Ile redio ilishika Kuba, hiyo siwezi kuirudisha. Lakini niliumia. Ndiyo nikampa Jelagat namba yako akuingize.

Uliingia. Ukaona jina la Jelagat, ukatoka hata mtu hajakusalimu. Yule wa Chepsaita akaandika kwamba mpwa wa Fundi amekimbia Fundi. Nikafunga kibanda mchana kweupe, nikaenda kwa Jelagat.

Najua kinachokuuma. Ulimwambia mama yako kwamba siku ile ya vurugu, mnakimbia huku mkiwa juu ya lori, ulimwona Jelagat kando ya barabara, ukamwinulia mkono, naye akageuza uso kama hakujui. Nilimuuliza hivyo hivyo, bila kupaka mafuta. Alikuwa anakoroga maziwa ya mursik, akaacha.

Akasema, "Fundi, nyuma yangu walikuwa wamesimama vijana wa kwetu na marungu, wakiangalia nani anamjua nani. Ningempungia mkono, wangesimamisha lile lori."

Nikamuuliza mbona hakukuandikia miaka hii yote.

"Ningeandika nini? Kwamba sikukusalimu kwa sababu nakupenda?"

Nikavuta kigoda, nikaketi. Akaniambia waliporudi shuleni alikuta beseni lako pale chini ya dawati. Akawafanyia watoto lile jaribio, wakauliza linaitwaje, akawaambia ni karatasi ya Nekesa. Alisema kama yeye hawezi kukuita, basi watoto watakuita. Na grupu ilipoanza, akaipeleka huko na jina lako juu yake.

Sasa, mwanangu, duka ni lako na maisha ni yako. Ila usiache kwa kusema huna mtu wa kuuliza, kwa sababu huku kuna watu wanaokuuliza wewe bila kukujua. Jelagat amesema hatakuingiza tena kwa nguvu. Ameacha mlango wazi, namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha.

Nisalimie mama yako, mwambie dawa ya goti inakuja na huyu mama wa mitumba. Nisalimie baba yako, ambaye bado anadai nilimharibia redio, na shangazi yako wa kanisani anayeniombea niache uongo.

Mwambie nimejaribu. Mara hii nimesema ukweli mtupu mbele ya walimu wote, na sina shahidi ila wewe. Ingia, uandike neno moja tu, hata "Nipo." Mimi nitanyamaza. Mwenye kusubiri kulisoma si mimi.

Ni mimi khocha wako anayekupenda,
Fundi Wafula, Eldoret