Alama ya Kidole Juu ya Paa la Pijo

Bi Wambura, shikamoo.

Nimesoma unavyowajibu wengine nikaona huna desturi ya kuzunguka mbuyu, na mimi nimechoka kuzunguka, kwa hiyo nakuletea langu hivi hivi lilivyo, naomba unisikilize mpaka mwisho hata kama nitaruka huku na huku. Mimi ni Mkenya, mama wa miaka hamsini na kitu, nakaa Jakobsberg, pembeni ya jiji la Stockholm, na kazi yangu ni kuwasaidia wauguzi wodini huko Flemingsberg. Mume wangu ni Owuor, Mjaluo wa Siaya, mimi Mkikuyu wa Nyahururu, ndiyo maana Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu, tumechumbiana kwa Kiswahili, tumegombana kwa Kiswahili, na tumemlea binti yetu Tiana kwa Kiswahili ingawa yeye hutujibu kwa Kiswidi.

Mwaka juzi Owuor alikwenda nyumbani kumwuguza mama yake, na mama akafariki, Mungu ampumzishe, akabaki kwa ajili ya mazishi, halafu akabaki kwa ajili ya mambo ya boma, na sasa anabaki tu, kila nikimwuliza anarudi lini ananijibu, "Tutaona, mama Tiana, tutaona," nami nina hamu na mume wangu, Bi Wambura, nina hamu naye mpaka na kile kikohozi chake cha asubuhi kilichokuwa kikinikera, nafika nyumbani kutoka kazini nasimama mlangoni kidogo kabla ya kufungua, kana kwamba nikimpa nafasi atakuwa amerudi.

Sasa nikueleze habari ya gari, maana ndilo lililonifikisha kwako. Owuor alikuwa na starehe moja tu hapa Sweden, kuunganisha na kupaka rangi vigari vya plastiki, vile vinavyouzwa kwenye boksi vikiwa vipande vipande, ukimaliza unapata gari kamili la kukaa kiganjani. Alipenda kwa sababu ya marehemu baba yake, aliyepofuka akiwa bado mtu wa nguvu zake, na Owuor utotoni ndiye aliyekaa naye kando ya barabara akimwambia gari gani limepita na lina rangi gani, na mzee hakukubali kuambiwa "jekundu" akanyamaza, aliuliza, "Jekundu la nyanya au la matofali?"

Asubuhi ya safari yake alikuwa ameanza Pijo 504, gari kama lile la mjomba wake walilokuja nalo kwetu kujitambulisha, likachemka njiani, hakuna maji karibu, wakalinywesha soda zote walizokuwa wamewaletea wazazi wangu, wakafika mikono mitupu na gari linanuka sukari iliyoungua, na baba yangu akacheka mpaka akasahau maswali yake. Owuor alitaka kulipaka rangi ile ile, rangi ya samli. Akapuliza rangi ya kwanza ya kijivu pale roshani, lakini ndege ilikuwa inamngoja, akalinyanyua kuliingiza ndani kabla halijakauka, kidole gumba chake kikaacha alama juu ya paa, mistari yote inaonekana. Akaniambia, "Usiliguse. Nitalipiga msasa nikirudi." Nikalifunika kwa bakuli la glasi lisiingie vumbi, na mpaka leo liko pale kwenye rafu ya vyombo.

Majira ya baridi yaliyopita nyumba iliponishinda kwa ukimya nikajiunga na kikundi cha watu wa vigari, hukutana Farsta Jumamosi, mwalimu wetu ni Rebecka, mama wa Kiswidi aliyestaafu, mpole lakini hapendi haraka. Nilitaka nijue Owuor alikuwa anaona nini humo, na akirudi anikute nami naweza. Tunajifunzia kwenye vijiko vya plastiki. Vijiko vya wenzangu vikatoka laini, vyangu rangi ikawa inakimbia, inaacha matobo kama macho ya samaki, Rebecka akabadilisha rangi, akabadilisha kopo, akashangaa, mwishowe akanishika mikono akaigeuza. Nilikuwa nimejipaka mafuta! Wewe unajua, Bi Wambura, baridi hii na sabuni za hospitali, na mama yangu hakunilea nitoke nyumbani na ngozi imepauka. Rebecka akasema, "Rangi haishiki penye mafuta, Nyambura. Osha mikono kwa sabuni ya vyombo na uvae glavu." Nilicheka peke yangu kwenye treni nzima ya kurudi, maana Owuor naye ni mtu wa kung'aa kwa mafuta, nikawaza vijiko vyake vya mwanzo vilikuwaje.

Sasa napaka vizuri, sijisifu. Nilimaliza kigari kimoja chekundu, nikakipiga picha nikamtumia Owuor bila kusema ni kazi ya nani, nikingoja ashtuke. Akanijibu kwa sauti, "Kizuri hicho kitenge, kitakupendeza." Kitenge! Niliumia, nikaona hata haangalii ninachomtumia. Na siku hizi haandiki kabisa, yeye aliyekuwa akiniandikia ujumbe mrefu kama mahubiri, sasa ni sauti tu, na simu ya kuonana uso kwa uso hataki, anasema mtandao mbaya. Halafu katika sauti moja aliyonitumia, kabla hajaanza kusema, nikasikia mwanamke anasoma maneno yangu, neno kwa neno, "Leo nimepika omena ukanijia akilini nikashindwa kula," na Owuor akamwambia, "Rudia hapo."

Nikamweleza Daisy, rafiki yangu wa kanisani, akaniambia, "Dada, huko kuna mtu. Mwanamume hasomewi meseji za mkewe na mwanamke mwingine hivi hivi." Tiana nilipomwambia alikasirika, akasema, "Men fråga honom då, mamma!" yaani nimwulize mwenyewe, kana kwamba ni jambo jepesi. Na Jumapili iliyopita, katikati ya habari za mahindi, Owuor akasema, "Lile Pijo mpe yeyote anayelitaka. Mimi sina kazi nalo tena." Simu ilipokatika nikaondoa bakuli, nikaweka gumba langu juu ya alama ya gumba lake, langu likaingia lote ndani ya lake, nikalia.

Sasa nifanye nini? Rebecka anasema gari haliwezi kupakwa rangi mpaka alama ile iondolewe kwa msasa. Nilipake lipendeze nilitunze, au nimpe mtu kama alivyosema, au niliache na kidole chake? Na je, Bi Wambura, mume wangu ameniacha?

Mimi,
Nyambura, Jakobsberg


Bi Wambura anajibu:

Marahaba, Nyambura mwanangu. Pole, na tena pole. Hamu ya mume si jambo la kuonea haya, hata katika umri wetu. Wengi wanaosoma hapa nao husimama mlangoni kabla ya kufungua, sema hawana ujasiri wa kuandika.

Sasa nikugombeze kidogo. Umenipa habari za kijiko, msasa na samli, na swali lenyewe ukalificha mkiani, tena ukaniuliza mimi, mtu usiyemjua, badala ya kumwuliza mwenyewe. Binti yako alikupa ushauri wa bure, tena mzuri, ukaona ni mtoto. Huyo Daisy mwambie ahsante, halafu umpumzishe na kazi ya upelelezi, maana yuko Stockholm na mumeo yuko Siaya.

Rudi usome barua yako kama ninavyoisoma mimi. Baba mkwe wako alipofuka akiwa na nguvu zake. Mumeo haandiki tena. Hataki uso wake uonekane kwenye simu, maana ungeona macho yanakotazama. Umempelekea gari jekundu, akaona kitu chekundu, akabahatisha kitenge. Anasomewa ujumbe wako. Na gari alilokukataza kuligusa, leo hana kazi nalo. Mgonjwa angekuletea maneno hayo wodini ungemwita daktari kabla hajamaliza kusema. Kwa kuwa ni mumeo, wewe ukaona mwanamke. Kweli mganga hajigangi.

Mimi si daktari na siapi. Lakini nadhani Owuor hajakuacha. Nadhani anapoteza macho yake na anakuficha. Na usishangae kwa nini anaficha. Mwenzio alikaa kando ya ile barabara, anakijua kiti kile cha baba yake kuliko mtu yeyote, na sasa anaona kinamngoja. Hataki wewe ndiye ukae pembeni ukimtajia magari. Ni ujinga, lakini ni ujinga wa mtu anayekupenda, na wanaume wetu wamejaa ujinga wa namna hiyo.

Yule mwanamke anayesoma sijui ni nani. Huenda ni shemeji, huenda ni jirani, huenda ni hicho unachokiogopa. Ila mwenye kuficha mwanamke hamwachi apaze sauti karibu na simu. Na wewe ulisikia sauti ya mwanamke tu, hukusikia mumeo alisema nini. Alisema, "Rudia hapo." Hapo wapi? Hapo ulipoandika kwamba alikujia akilini ukashindwa kula. Ningekuwa mimi ndiye wewe, ningelia kwa neno hilo, si kwa la Daisy.

Mpigie leo, usingoje Jumapili. Usianze na "huyo ni nani," maana ukianza hapo mtagombana kwa Kiswahili kama kawaida yenu na simu itakatika. Anza na lile uliloniambia mimi na yeye hujamwambia kwa mdomo wako, kwamba una hamu naye. Halafu mwulize taratibu, "Baba Tiana, macho yako yakoje?" Ukae kimya. Usimsaidie kujibu. Akikuambia mtandao mbaya, mwambie unasikia vizuri kabisa.

Akikiri, aende kwa daktari wa macho wiki hii hii, asikungoje wewe wala asingoje mavuno. Wewe wa hospitali unajua kuliko mimi. Ikiwa ni mtoto wa jicho, huondolewa na mtu anaona. Ikiwa ni presha ya macho, na kwa habari ya baba yake ndiyo ninayoiogopa, hiyo haiumi, inaiba polepole, na ilichokwisha kuiba hairudishi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Kwa hiyo aibu yake isimgharimu zaidi ya ilivyokwisha kumgharimu.

Kisha omba likizo uende. Ndiyo, wewe. Umemngoja arudi ilhali ndege zinakwenda pande zote mbili. Na kama nimekosea, na kuna mwanamke kweli, basi utaujua ukweli ukiwa umesimama mbele yake, kwa macho yako mwenyewe, wala hutaendelea kuutafuta kwenye sauti za simu. Hilo nalo ni nafuu, ingawa chungu.

Umeniuliza kuhusu gari. Usilipake, usilitoe, usilipige msasa. Lifunge vizuri kwenye boksi lake ulibebe mkononi. Makopo ya kupuliza yaache kwa Rebecka, kwenye ndege hayaruhusiwi. Chukua brashi, kichupa kidogo cha rangi ya maji iliyo rangi ya samli, na kipande cha msasa ule laini. Umekuwa ukilinda alama ya kidole chini ya glasi tangu mwaka juzi, mwanangu, na mwenye kidole yu hai. Alama haikohoi asubuhi.

Ukifika, mwekee lile Pijo mikononi bila kusema neno. Vidole vyake vitazunguka boneti, vitapanda kioo, vitafika paani, na hapo vitajikuta vyenyewe. Mwache akae hapo atakavyo. Halafu mpe msasa. Alisema atalipiga msasa yeye, basi alipige. Kazi ile haitaki macho, inataka ncha za vidole za kusikia palipokwaruza na palipolainika, na wewe umeshafundishwa, unajua kwamba nasema kweli. Akimaliza, osha mikono yako kwa sabuni, yote miwili, uanze kupaka umeketi karibu naye.

Atakuuliza rangi imekaaje. Usimwambie "ya samli" ukanyamaza. Huyo ni mtoto wa baba yake. Mwambie ni samli ya lini, imekaa kwenye chombo gani, na jua limeipigia upande upi.