Maji ya mugongo wa Solange

Kahindo, sikiliza.

Unajua ile étude yetu: tunachoma mugonjwa wa méningite, ule ugonjwa wa bongo, sindano mu mugongo, tunatoa maji, tunapima kama dawa imefika mu bongo. Ni utafiti tu, haiponyeshi mutu.

Leo mama Mukamugema, mukimbizi wa Kalengera, ametia kidole kwa karatasi ya kukubali, tukamuchoma binti yake Solange.

Kisha akaniuliza: "Dawa ikifika mu kichwa, itaifuta ile siku waliua baba yake mbele yake?"

Alifikiri ITAIFUTA, Kahindo! Ndiyo maana alikubali!

Nikamwambia: "Hapana mama, inaua microbe tu, vidudu vya ugonjwa."

Akauliza tena, pole pole: "Hata kidogo?"

Hata kidogo, Kahindo.

Nimepasua karatasi yake, maji ya mugongo nimeyamwaga. Lakini mutoto tulikuwa tumekwisha kumuchoma.