Nimeziba nozeli kwa sabuni, na bibi harusi anasubiri gari

Mama Silvana mshauri, salamu toka Sumbawanga kwenye baridi. Nishike mkono, maana nimejifunga mwenyewe na siku zimebaki kumi na sita kufika harusi.

Mimi ni Felisian, miaka arobaini na tisa, shule niliiachia darasa la nne lakini injini hazijawahi kuniuliza cheti, maana mwaka themanini na moja nilipandisha lori la samaki, migebuka, toka Kipili bila klachi na abiria wamelala usingizi, waulize wenyewe kama bado wapo. Sasa soko huria limetuletea saluni za Kijapani, yale magari madogo ya kutembelea, nami nimenunua yangu, ya kwanza katika ukoo wetu, nyeupe, na kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu Angela, binti wa dada yangu Cornelia, nilisimama nikasema bibi harusi hapandi pikapu la mtu, atapanda gari la mjomba mpaka kanisani Kaengesa, kina mama wakapiga vigelegele mpaka nikasimama mara ya pili bila kuitwa.

Basi gari likaanza kukohoa, nikajua ni nozeli, zile zinazopuliza petroli ndani ya injini, nikaagiza Mbeya reli yake ya mafuta, lile bomba linalozigawia petroli, pamoja na nozeli nne, za mtumba lakini safi, zikaja na basi. Nimetandika mkeka uani nafunga, akapita Kashinje, binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake wana ng'ombe Mtowisa na yeye ana gereji hapa mjini, akasema, "Shikamoo baba. Hizo oringi zimekauka, usizirudishe, na usichonge nyingine. Njoo nikupe mpya." Nikamjibu mbele ya majirani, "Marahaba mwanangu, kachunge." Wakacheka sana, na mimi nikacheka kuliko wote.

Nikakata pete za tyubu ya baiskeli ziwe ndiyo oringi, nikapaka sabuni ya kipande pale pote, kama tulivyokuwa tunaziba tangi la lori likitoboka, na lori lilikuwa linafika Mpanda. Mama Silvana, gari liliwaka! Liliimba! Nilicheza uani peke yangu. Halafu sabuni ikatemwa, petroli ikaruka mpaka kwenye shati, mke wangu Coleta akabeba jiko lake la mkaa na maharage yakichemka akakimbilia nalo kwa jirani, anapiga kelele, "Felisian! Ukiliwasha tena mimi nahamia kwa wifi!"

Nimeziba upya mara tatu, linavuja kidogo tu, tone tone. Na Angela kila siku anakuja kulifuta vumbi, ananiambia, "Mjomba, mimi nitakaa dirishani nipungie watu wote." Je, niendeshe polepole bila kumwambia mtu, kwani Kaengesa si mbali, au niende kwa yule binti niliyemwambia akachunge?

Ni mimi, Felisian.

JIBU

Felisian, nimecheka mpaka machozi, nikafika kwenye "tone tone" kicheko kikaisha.

Mafuta ya kwenye tangi la lori yalikuwa yametulia. Kwenye reli ya gari lako pampu inasukuma kwa nguvu, sabuni haisimami hapo dakika tano, na kinachovuja kinaangukia injini ya moto. Unataka kumkalisha Angela na shela lake juu ya jiko? Coleta alifanya la maana, mshukuru.

Leo hii toa waya wa betri. Kesho asubuhi nenda gereji kwa miguu, ufuatane na wale majirani waliocheka, maana ulimtukana binti wa watu mbele yao. Habari za Kipili ziache nyumbani. Sema, "Kashinje, nilikosea, nisaidie," kisha funga mdomo umpe spana. Abadili oringi zote, awashe pampu kabla ya injini aone kama kuna unyevu, na uende Kaengesa na kurudi mara mbili ukiwa peke yako.

Angela na mama yake waambie ukweli wiki hii hii. Mtoto anayelifuta vumbi gari lako kila siku hawezi kukununia muda mrefu.

Kashinje akisema bado, gari libaki uani. Mtafutieni bibi harusi usafiri mwingine, nawe vaa suti yako ukae pembeni yake. Siku hiyo hakuna atakayeuliza Angela kaja na nini. Watataka tu afike.