CD ya Dhahabu Niliyoikataa

Jumanne, 9 Machi 1999
Nimechoma CD nne za nyimbo hapa dukani kwangu tangu asubuhi, mbili zimeharibika. Moja inaruka wimbo wa tatu. Nyingine kompyuta haiioni kabisa. Wateja wananitazama kama mwizi. Mwizi ni Hamisi. Ndiye anayeniuzia CD tupu hapa Migori, ana duka la redio karibu na stendi, na anatabasamu mno. Mtu hatoki Mombasa kuja kutabasamu Migori bure.

Alhamisi, 11 Machi
Mzee Odero amekuja kutoka Sindo na kanda moja kuukuu. Marehemu mkewe anaimba humo, yeye na kwaya ya kanisa lao. Redio imeitafuna mara mbili, mzee akaiunga kwa selotepu. "Nyathina, mwanangu, sauti yake iko hapa peke yake," akaniambia. Anataka niiweke kwenye CD, ichezwe siku ya ukumbusho, tarehe 28. Nimekubali.

Ijumaa, 12 Machi
Kwa Hamisi. Ametoa aina mbili. Moja upande wa chini ni buluu, bei ya kawaida. Nyingine inang'aa dhahabu, bei mara tatu. "Mama Atieno, hizi buluu ni za kupigia disko. Kitu cha kuweka miaka, kitie kwenye hii. Haibadiliki."
Dhahabu! Baba Atieno aliuza ng'ombe wawili akanunua dhahabu kule machimboni Masara. Ilikuwa shaba. Na yule muuzaji pia aliapa kwamba haibadiliki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nimechukua za buluu. Hamisi akaniongezea moja ya dhahabu bure, eti nijaribu. Sasa ndiyo namshuku kabisa. Nani anagawa dhahabu?

Jumatatu, 15 Machi
Kanda imepita mara moja tu, kisha ikakatika vipande. Bahati nyimbo zilikuwa zimeshaingia kwenye kompyuta. Nimechoma CD ya buluu, nikaisikiliza yote. Safi. Ubeti wa pili mama yule anaimba peke yake. Niliacha kazi nikasikiliza.
Mzee ameichukua. Alinishika mikono yote miwili.
Alipoondoka nimefuta nyimbo zake. Kwaya nyingine inangoja, na kompyuta hii haibebi kazi mbili. Halafu ile CD ya dhahabu nimeichomea nyimbo zangu, na moja ya buluu vilevile. Zote mbili nimezianika dirishani. Jua la Migori halina urafiki na mtu. Ya dhahabu ikichujuka nitamuumbua Hamisi mbele ya stendi nzima.

Ijumaa, 26 Machi
Nimezijaribu. Ya buluu imefifia na inakwama kila wimbo. Ya dhahabu inaimba kama siku ya kwanza. Nimeizungusha mara tatu nikitafuta kosa. Hakuna.
Hamisi alisema kweli. Naona aibu, lakini hofu ni kubwa zaidi: CD ya mzee ni ya buluu. Jua linatua, Sabato inaingia. Nimefunga duka.

Jumamosi, 27 Machi
Kanisani. Sikusikia mahubiri. Labda mzee ameiweka CD yake sandukuni. Labda ameisukuma chini ya kitanda, wazee huficha vitu vya thamani. Nimeomba iwe gizani. Sijawahi kuomba jambo la kipuuzi hivi, wala kuliomba kwa nguvu hivi.

Jumapili, 28 Machi
Nimefika Sindo kabla ya wageni. CD ilikuwa dirishani, imeegemezwa kwenye picha ya marehemu. Tangu siku ile mzee ameiweka hapo, apate kuiona akiamka.
Nilimwambia yote. Kwamba niliogopa dhahabu. Kwamba kanda ilikatika na nyimbo nikazifuta. Akaitoa CD dirishani, akanipa. "Weka tu tusikie."
Mwanawe akaunganisha redio ya CD kwenye betri ya gari. Kwaya ikaingia vizuri, hata nikaanza kutumaini. Ubeti wa pili ulipokaribia, ikakwama. Kipande kimoja kidogo, tena na tena. Pumzi tu. Nikanyoosha mkono niizime, mzee akanishika.
"Acha," akasema. "Hapo anavuta pumzi, anataka kuanza."
Nikarudisha mkono. Wageni walipofika walitukuta tumekaa hivyo.