Mtani Wangu Kaniamkia Shikamoo

Jumatatu, 3 Mfungo Tatu

Nimefungua godauni la sufi ya magodoro, nimefagia. Wanawake wamekuja wakicheka njia nzima kutoka Temeke, nawasikia. Mlangoni kimya. Tangu tajiri anipe unyapara hakuna anayenisogelea. Nyapara aliyepita alikuwa na bakora. Bado imetundikwa ukutani, tajiri kasema isiondolewe. Mie sijaigusa. Wao wanaiona mkononi mwangu hivyo hivyo.

Mchana wamekula sinia moja. Mie nimeletewa sahani yangu, samaki mnono kuliko wa kwao. Nimekula peke yangu kama mgonjwa.

Jumatano, 5

Nyamizi kaniamkia shikamoo. Nyamizi! Yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo, watani, na umri tumelingana. Mume wangu alipokufa, Nyamizi aliingia kaburini kwa utani akalala, hatoki mpaka apewe jogoo. Nililia huku nacheka. Leo shikamoo. Mtani akikuheshimu, ujue kesha kukuzika.

Halafu uvundo. Paa linavuja, magunia ya nyuma yameoza. Mtu aliiona sufi imeloa, akaishindilia, akashona gunia. Nimeuliza.

"Hatujui, nyapara."

Macho chini wote. Tajiri anataka jina Jumamosi, la sivyo anafukuza safu yote ya nyuma. Wajane watupu mle.

Jumamosi, 8

Nimempa jina. Langu. Nimemwambia paa lako linavuja na watu wako wanaogopa kusema. Ukiwafukuza hawa, watakaokuja wataogopa zaidi. Kakubali kwa hasira. Paa atatengeneza. Gunia jingine likioza, naondoka mie.

Nimeivunja bakora mbele yao, nikaitia chini ya sufuria ya maharage. Nikasema, "Wanangu, kitu kikiharibika niambieni. Sitauliza nani." Wakarudi kwenye magunia. Maharage yaliiva, basi.

Naogopa. Nikifukuzwa sina pa kushika.

Jumanne, 11

Mvua. Paa bado. Nimekaa mlangoni, roho juu. Mara sauti ya Nyamizi, godauni zima:

"We bibi wa Kizaramo! Umekaa kama bibi harusi, huku sufi inaloa! Au mpaka ngoma ipigwe ndiyo unyanyuke?"

Watu wakanigeukia.

"Sasa si ubebe!" nikamjibu. "Nyie Wanyamwezi si mlizaliwa na mizigo kichwani?"

Kicheko hicho! Wakanyanyuka wote, tukahamisha magunia. Hata moja halikuloa. Nimelia nyuma ya magunia, wasinione. Bibi kizee mpumbavu mie.

Jumapili, 16

Hakuna kazi. Somoe wa safu ya nyuma kapiga hodi kwangu. Mjane, mdogo kuliko binti yangu. Kasema ni yeye aliyeishindilia ile sufi. Sikumwuliza. Nimemwambia nimesikia, kwa tajiri haifiki, kaa unywe chai.

Kanywa. Kaenda zake.

Nyumba imerudi kimya. Kikombe chake kipo pale mkekani. Sijakiosha.