Miwani ya Wageni

Jumanne, Rusimbi. Mvua imekatika, lakini wingu bado limekaa juu ya ziwa, jeusi, halina haraka. Nina hasira na nina hofu, sijui ipi imetangulia.

Nianze na hasira, maana ndiyo niliyoizoea.

Kikundi chetu cha akina mama kule Buzebazeba kinatengeneza sabuni ya mawese. Mawese peke yake hayawi sabuni, lazima yatiwe maji ya kostiki. Na kostiki, jamani, si unga wa sembe. Ukiitia kwenye maji yanachemka bila moto, na ikikugusa inakula ngozi. Waliotufundisha walituachia vifaa vya kinga: miwani mikubwa inayoziba macho pande zote, glavu ndefu za mpira, aproni na mabuti.

Viko wapi? Kwenye kabati la vioo sebuleni kwa Mama Shabani, mwenyekiti wetu, pamoja na sahani za maua na birika ambalo sijawahi kuliona likitoa chai. Vya wageni hivyo. Wageni wakija tunavivaa, tunapigwa picha, tunavua, tunafuta vumbi, vinarudi kabatini. Siku nyingine zote mdogo wangu Zawadi anachanganya kostiki macho wazi, kitenge kiunoni, kandambili miguuni.

Ni Zawadi kwa sababu amepanga chumba uani kwa Mama Shabani, ndiko tunakopikia. Anachanganya alfajiri peke yake, ili sisi tukifika maji yawe yamepoa. Tumemzoesha hivyo.

Leo nilifika mapema kuikimbia mvua, ndiyo maana nimeona. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye ndoo tunayowekea kostiki, yote imegandana. Zawadi akaigonga kwa mchi. Kipande kikaruka, kikatua shavuni, chini kidogo tu ya jicho la kulia.

Alipiga ukelele mmoja. Mama Shabani akaja mbio na mawese kiganjani, kwa sababu hapa kwetu ukiungua, iwe kwa uji au kwa nini, unapakwa mawese. Nikampiga mkono, mwenyekiti mzima! Nikamburuta Zawadi hadi kwenye pipa la maji, nikammwagia, nikammwagia, mpaka akalia kwamba nataka kumzamisha. Zahanati wamesema jicho limesalimika kwa bahati. Shavuni pamebaki kidonda chekundu kilichochimba.

Mchana nikamwendea Mama Shabani kuomba ufunguo wa kabati.

"Mwanangu, wageni wanakuja wiki ijayo. Wakute vimechakaa? Watasema hatujui kutunza."

"Mama, na wakimkuta Zawadi kipofu?"

Alitoa ufunguo kwenye pindo la kanga. Kisha akafungua.

Nikavuta mkanda wa miwani kumpimia Zawadi. Ukakatika mkononi mwangu. Jua la dirishani limeukausha miaka yote hiyo. Glavu zilikuwa zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na nilipoingiza mkono, kidole gumba kikatokea nje.

Tumevitunza mpaka vimekufa.

Mama Shabani aliketi kwenye kochi. Zawadi yeye akacheka. "Dada, si nimezoea? Mteja wa Katonga anasubiri mzigo wake. Nitachanganya, nitafumba jicho moja."

Mimi sikucheka. Niliuchukua mwiko wa kukorogea nikaondoka nao bila kuaga. Bila mwiko hachanganyi mtu, nikajisemea. Kesho nanunua miwani na glavu kwanza, ndipo kazi ianze.

Mwiko huu hapa, umeegemea ukuta. Tulipouchongesha ulikuwa unanifika kiunoni. Sasa upande unaoingia kwenye kostiki umelika, umebaki nyuzinyuzi kama ufagio wa zamani. Na huo ni mninga! Umeliwa hivyo mbele ya macho yetu, na hakuna aliyejiuliza kitu, mimi nikiwemo.

Ndiyo kwanza nakumbuka: Zawadi ana mwiko wa ugali.

Nimempigia, simu haipatikani. Nimempigia Mama Shabani, inaita tu.

Mdogo wangu namjua. Ukimwambia asubiri, hapo ndipo anapoanza. Atasema ikichanganywa jioni hii, asubuhi itakuwa imepoa vizuri zaidi. Na kweli, itakuwa imepoa. Mchi anao, ndoo anayo, na maji ya mvua yamejaa pipa.

Sisahihishi maandishi haya, nayaacha hivi hivi. Mwanga bado upo na viatu viko mlangoni. Leo nalala chumbani kwa Zawadi, na ile ndoo nitaikalia mwenyewe mpaka maduka yafunguliwe. Anune akitaka.

Ee Mungu, nimkute ananitazama kwa hasira. Kwa macho yote mawili.